Pamba Mdomoni

Kama unasoma haya huku umeziba mdomo kwa mkono, au kwa ncha ya mtandio, au umeshajifunza kucheka kwa pua tu, basi nakuandikia wewe. Mimi niliuziba mdomo wangu kutoka msimu mmoja wa maembe mpaka mwingine. Sasa nimeuachia. Sijasema nimepona kila kitu, nimesema nimeuachia tu.

Naitwa Mwajuma. Naishi Itetemia, pembeni ya mji wa Tabora, na Mama yangu ambaye ni fundi cherehani. Baba alifariki nikiwa bado shule ya msingi, kwa hiyo mambo makubwa ya nyumbani anaamua mdogo wake, Baba mdogo Hamisi, anayeuza vitambaa sokoni. Nimemaliza kidato cha nne. Shuleni kwenye mdahalo walikuwa wananipanga niwe msemaji wa mwisho, kwa sababu nikisimama wa kwanza wenzangu wanakosa muda. Na subira sina. Nikibandika maharage nafunua sufuria kila saa mpaka Mama ananifukuza jikoni. Nasema haya ili ujue ugonjwa ulimkuta mtu wa aina gani.

Ulianza na embe. Nilikuwa nimekaa nyuma ya nyumba, nimelishika kwa mikono miwili, nikauma. Jino la mbele la juu likacheza. Halikuuma, lilicheza tu, kama kigingi kwenye udongo uliolowa. Nikalisukuma kwa ulimi likaenda, likarudi. Nikajaribu la pili yake, nalo vilevile. Nikacheka peke yangu, nikasema utoto umerudi. Halafu nikaangalia lile embe, nikaona lina damu pale nilipouma.

Kilichonichanganya ni kwamba meno yenyewe yalikuwa mazima. Meupe, hayana tundu hata moja. Mama alikuwa anawaambia wateja wake, "Mwanangu huyu akicheka unamwona mpaka barabarani." Sasa nikisimama mbele ya kioo cha kabati naona yale yale meno mazuri, lakini yamesimama kwenye fizi zilizovimba, zina rangi kama ya zambarau. Yakaanza kuachiana nafasi. Asubuhi naamka na ladha ya chuma mdomoni, na harufu ambayo kwa muda mrefu nilidhani inatoka nje.

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Jirani yetu alisema nimerushiwa kitu na mtu mwenye kijicho. Mama alisema nisukutue maji ya moto na chumvi, halafu akahamia kwenye shabu, ambayo ilinikunja mdomo mzima bila kubadilisha chochote. Baba mdogo alisema ni simu.

"Simu inaingiaje kwenye meno?" nilimuuliza.

"Mnalala nayo mashavuni. Unadhani ule moto unakwenda wapi?"

Nilibishana naye, lakini usiku ule simu niliiweka mbali. Ndivyo nilivyokuwa. Hakuna nililoamini na hakuna nililothubutu kulikataa.

Mvua zilipokolea ndipo Mama akakubali twende hospitali ya serikali. Bima hatukuwa nayo, na kwa kliniki za binafsi Mama angeuza cherehani kwanza, halafu tule nini? Pale chumba cha meno kuna benchi refu ukutani, na watu wote wameinama upande mmoja, upande wa jino. Hakuna anayeongea. Kwa mara ya kwanza maishani nilikaa mahali penye watu wengi nisiongee na mtu.

Daktari alikuwa dada kijana tu. Alinigusa jino moja moja kwa kijiti cha chuma, akawa anaangalia linavyokwenda. Akaniuliza umri, nikamwambia. Akaweka kile kijiti chini taratibu. Akasema ni ugonjwa wa fizi na mfupa unaoshika meno, kuna watu unawakamata wakiwa vijana hivi, na siyo kosa langu. Nikamuuliza, "Sasa umetoka wapi?" Akasema, "Jibu lililonyooka sina. Ila siyo kosa lako." Ile ya kosa alirudia, akimwangalia Mama.

Msimu wote wa mvua ulikuwa wa kusafishwa fizi, upande huu leo, upande ule safari nyingine, pamoja na vidonge vya kuniharibu tumbo. Meno ya nyuma yalianza kutulia. Manne ya mbele juu hayakutulia. Mahindi mabichi yalipoanza kuchomwa barabarani, daktari akasema hayo manne yaondoke, tukiyang'ang'ania yataondoka na wenzao.

Siku ya kung'oa Mama alinisindikiza mpaka mlangoni, akasema ana kazi ya mteja ya kumalizia, akarudi nyumbani. Sikushangaa. Kazi za wateja siku zote ni za kumalizia.

Kama na wewe unakwenda kung'olewa na unaogopa, ganzi inashika. Nilisikia sauti, ile ya kitu kinachoachia mahali pake, lakini maumivu sikuyasikia. Kilichoniliza ni kuyaona kwenye sahani ya chuma, manne, meupe vilevile. Daktari akanibana pamba mdomoni. "Uma kwa nguvu. Usiongee, usiteme mate, usisukutue mpaka kesho. Damu ikiendelea, badilisha pamba." Akanifungia nyingine kwenye karatasi.

Damu iliendelea. Nilipofika nyumbani nilisimama uani, nikatoa ile pamba, nikaweka nyingine kubwa, nikajifunga mtandio mpaka juu ya pua. Ndipo nikaona viatu. Viatu vya wanaume, vimepangwa mlangoni kwetu, vimepakwa dawa.

"Mwajuma, umerudi? Pita huku, mwanangu." Ilikuwa sauti ya Baba mdogo, ile sauti yake ya sokoni anapomwona mteja mwenye pesa.

Nikaingia nimeinama, nikapiga goti pembeni ya mlango. Kulikuwa na wazee watatu wamekaa kwenye mkeka mpya, na katikati yao dumu la asali. Baba mdogo akaanza. Wageni wametoka Nzega. Barua ya posa ilishafika siku nyingi, mimi sikuambiwa kwa kuwa nilikuwa mgonjwa, wasinichoshe. Kijana anaitwa Idrisa, anafanya biashara ya asali, ana dini yake na adabu zake. Aliniona kwenye maulidi kwa jirani. Sisi wazee tumeridhia, leo wamekuja kuchukua jibu.

"Sasa wewe mwenyewe unasemaje?"

Mdomo wangu ulikuwa umejaa. Midomo ilikuwa imekufa ganzi, siijui iko wapi. Nilihisi nikiufungua hata kidogo, ile pamba itadondoka na damu yake kwenye mkeka mpya, mbele ya wazee wa watu, karibu na asali. Nikaangalia chini.

"Mwajuma, unaulizwa."

Nikameza. Damu ya moto.

"Ana haya, mtoto wa watu," akasema mzee mmoja, kwa upole kabisa. "Msimbane."

Baba mdogo akasubiri kidogo, akawageukia. "Amenyamaza. Basi, ameridhia."

"Alhamdulillahi!"

Nyuma ya pazia Mama akapiga kigelegele. Mimi nikanyanyuka, nikaenda chooni kutema.

Najua unachotaka kuniuliza. Kichwa nilikuwa nacho, kwa nini sikukitikisa? Nimejiuliza hilo mara nyingi kuliko wewe. Wakati mwingine nasema ni ganzi. Wakati mwingine nasema nilikuwa nimechoka kiasi kwamba wangeniambia wananiuza ningesema sawa. Na wakati mwingine nadhani kuna sehemu yangu ilifurahi kwamba kuna mtu ananitaka, siku ile ile nilipoyaacha meno yangu kwenye sahani. Sijui. Mpaka leo sijui.

Harusi ingekuwa mapema tu, lakini Mama aligoma. "Bi harusi hatoki na pengo. Watu watapiga picha." Upande wa Idrisa wakaambiwa binti anamalizia matibabu madogo. Matibabu gani, hawakuambiwa. Kwa hiyo harusi yangu ikafungwa kwenye meno ya bandia. Yakija meno, inakuja harusi.

Sasa mwili. Hakuna aliyeniambia kwamba ukitolewa meno ya mbele, mdomo wa juu unaingia ndani. Nilijiona kwenye kioo nikamwona Bibi yangu wa Bukene. Herufi nyingine zikawa zinatoka na upepo. Nikiagiza kitu dukani nanyoosha kidole. Ugali nilikula kwa mlenda, mahindi nilipukuchua punje kwanza kama namlisha kifaranga, na nyama nilichana kwa vidole nikijificha jikoni. Marafiki niliowazoea nikawa nawajibu kwa kichwa, na wao wakasema nimeanza kuringa kwa sababu naolewa.

Idrisa alianza kutuma ujumbe. "Upole wako ndio ulionivuta. Siku ile kwenye maulidi wenzako wote walikuwa wanaongea, wewe ulitulia na mtandio wako." Jamani! Siku ile fizi zilikuwa zimevimba mpaka siwezi kufunga mdomo vizuri. Nilimwandikia jibu refu, refu sana, nikalifuta, nikatuma "Sawa". Akipiga simu naiacha iite.

Ingekuwa rahisi kama angekuwa mtu mbaya, lakini hakuwa. Aliuliza hali ya Mama. Alituma picha za mizinga imetundikwa porini. Siku moja akaandika jinsi nyuki walivyomkimbiza mpaka akaacha kiatu kimoja porini, akaingia msikitini amevaa kandambili ya kuazima, ya kike. Nilicheka peke yangu chumbani, mkono mdomoni. Halafu nikakasirika kwamba nimecheka.

Fizi zilipokauka, kiangazi kimeshaingia, ndipo nikaanza safari za kufuatilia meno. Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri kama na wewe unasubiri ya serikali. Kung'oa ni siku moja. Kupata ni habari nyingine. Siku ya kwanza tuliambiwa dawa ya kuchukulia vipimo vya mdomo imeisha, imeagizwa. Safari nyingine dawa ipo, fundi anayetengeneza meno yuko mbali, kuna watu wa wilaya nyingine nao wanamhitaji. Safari nyingine fundi yupo, umeme hakuna. Nesi wa pale hakuwa mkali hata kidogo. Alikuwa anaandika namba ya simu, anakutazama kwa huruma, anasema, "Utaitwa."

"Lini?" nilikuwa nauliza kila mara.

"Utaitwa tu, mdogo wangu."

Kwenye benchi lile nilikutana na Mzee Shija, mfugaji wa Igunga, mtu mrefu mwenye fimbo. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo nikiwa nimejifunika.

"Marahaba, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Umemleta bibi yako?"

Nikashusha mtandio kidogo. Akaniangalia, akafungua mdomo wake wote, hamna kitu juu, hamna kitu chini.

"Kumbe tuko rika moja!" akasema, akacheka mpaka fimbo ikaanguka. Na mimi nikacheka. Mdomo wazi, mbele ya watu, mara ya kwanza tangu siku ile. Hakuna aliyekufa.

Mzee Shija alikuwa na shida moja tu duniani. "Mayu, mimi nina ng'ombe. Wangu mwenyewe, siyo wa kuchunga. Juzi tumechinja dume kubwa, watu wamekula, wamelamba vidole. Mimi mwenye dume nikaletewa mchuzi kwenye bakuli. Mchuzi!" Alisema neno mchuzi kama mtu anayesema kifungo. Kabla ya hapo alikuwa amenunua meno kwa mtu mmoja mnadani, yanabandikwa siku hiyo hiyo bila kupimwa. Akanivutia shavu nione kovu ndani. Yalimla fizi mpaka usaha. Kwa hiyo Baba mdogo alipokuja nyumbani kusema kuna fundi wa mtaani anafanya haraka, harusi isichelewe, mimi nilikataa kwa kichwa, kwa mikono na kwa miguu. Na wewe kataa.

Tukawa tunakutana kwenye benchi, mimi na mzee. Nesi akitokeza tu, Mzee Shija anamwahi kwa sauti yake: "Tutaitwa, tunajua, tutaitwa!" Na nesi anacheka.

Ila kuna kitu sikumwambia hata Mzee Shija. Kila nilipoambiwa rudi baadaye nilikuwa natoka pale nimevimba kwa hasira. Naipiga teke kila kokoto ya njiani. Halafu nikifika getini nagundua natembea vizuri, mwepesi, kama mwanafunzi aliyefunga shule. Siku ambayo meno hayajaja, harusi nayo haijaja. Nikisali sikujua niombe nini. Nilikuwa naomba, "Mwenyezi Mungu, nipe meno," halafu kabla sijasema amina naongeza, "lakini siyo wiki hii."

Maembe yalipoanza tena kuonekana sokoni, Bibi alishuka na treni kutoka Bukene na kiroba cha matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa. Bibi hana meno siku nyingi, anaviloweka kwenye chai. Aliponiona bila mtandio akapiga makofi.

"Mke mwenzangu! Babu yako akifufuka leo atachanganyikiwa, hatajua amshike nani!"

"Bibi, mimi nitakuwa na meno, wewe utabaki hivyo hivyo."

"Basi atanishika mimi. Mimi simng'ati."

Tukaloweka matobolwa kwenye kikombe kimoja, tukawa tunamumunya. Yalikuwa matamu. Bibi akaniuliza bila kuniangalia, "Huyo wa asali unamtaka?"

"Sijui."

"Hujui vipi? Si ulijibu?"

"Sikujibu, Bibi. Nilikuwa na pamba mdomoni. Nilitoka kung'olewa asubuhi ile."

Bibi akaacha kumumunya. "Mama yako alijua?"

Utaona ni swali dogo, lakini nilikuwa sijajiuliza kabisa. Nilikuwa nimemkasirikia Baba mdogo, wazee wa Nzega, daktari, pamba yenyewe. Mama sikumfikiria. Nikanyanyuka, nikaenda kwenye cherehani.

"Mama, siku ile ulijua nina pamba."

Mguu wake ukasimama kwenye kanyagio. Hakugeuka.

"Nilijua."

"Na ukapiga kigelegele."

"Nilisema moyoni, kama hamtaki, ataitema aseme."

"Mbele ya wageni, Mama? Damu?"

Akanyoosha mshono kwa kidole. Halafu akasema, bado anaangalia kitambaa, "Nilikuogopea, Mwajuma. Meno yametoka, daktari mwenyewe hajui ugonjwa umetoka wapi. Kesho kitatoka nini? Nikasema yupo mtu amekuja, amekuja leo, kesho nani atakuja?" Akakanyaga cherehani kwa nguvu. Alishona mkono wa gauni upande wa shingo, ikabidi afumue wote. Nikakaa chini nikamsaidia kufumua. Nilimkasirikia na nilimwonea huruma kwa wakati mmoja, na nyuzi zilikuwa nyembamba, sikuona vizuri.

Simu ya hospitali ilikuja nikiwa nachota maji. "Mwajuma? Njoo uchukuliwe vipimo." Niliacha ndoo pale pale. Wakanijaza mdomoni kitu kama uji mzito wa baridi, nikae nacho kigande, karibu nitapike. Halafu kusubiri tena. Halafu kuitwa tena. Maembe yalikuwa yameshajaa mpaka yanaoza barabarani siku nilipowekewa.

Ni kisahani kidogo cha rangi ya waridi, kina meno manne. Usitegemee utafurahi hapo hapo. Nilihisi kama nimeweka kijiko cha mtu mwingine mdomoni na nimekatazwa kukitoa. Mate yalijaa. Daktari akaniambia nivumilie, niyavue nikilala, niyaloweke kwenye maji safi, nirudi kama yanachubua, na kusafishwa fizi kusiishe hata siku moja. Akanipa kioo. Mdomo wa juu ulikuwa umerudi mahali pake. Nililia, yeye akasubiri nimalize.

Mzee Shija alipata yake siku zile zile. Nilimkuta baadaye amerudi yarekebishwe, nikamuuliza nyama. Akaangalia huku na huku. "Mayu, haya ni ya kusalimia watu. Nyama nimepata njia yake. Nayavua, nayaweka mfukoni, nakata vidogo vidogo, naimumunya taratibu mpaka inakubali." Alikuwa na furaha kweli. Ndiyo hivyo. Meno ya bandia yatakusaidia, lakini hayatakuwa yale.

Nyumbani, Baba mdogo alipoyaona tu akapiga simu Nzega. Safari hii Idrisa alikuja mwenyewe, na mjomba wake, yule mzee aliyesema msimbane. Mkeka ule ule. Nilimwona vizuri kwa mara ya kwanza: mwembamba, masikio makubwa, mikono ina alama za kuumwa na nyuki. Alikuwa ananiangalia kwa kuibia, kama mtu anayesubiri redio iongee.

Nilileta chai. Baba mdogo akaanza kutaja Ijumaa fulani. Nikaweka sinia chini, nikakaa. Meno mapya yalikuwa yananibana, na nikiwa nayo bado naongea kama mtu mwenye chakula mdomoni. Tena sikutaka yale meno ndiyo yanijibie. Nikageuka pembeni, nikayavua, nikayafunga kwenye leso. Mama alikuwa mlangoni na Bibi. Nilimsikia Mama akivuta pumzi.

"Baba mdogo, naomba kusema. Siku ile mimi sikunyamaza. Nilikuwa nimeuma pamba. Nilitoka kung'olewa haya."

Nikawaonyesha pengo. Wote.

"Pamba?" Baba mdogo alisema. "Pamba gani?"

"Ya hospitali. Ningefungua mdomo ingeanguka kwenye mkeka."

Mjomba akaweka kikombe chini. Baba mdogo akamwangalia Mama, na Mama akaangalia nje. Nilidhani atakataa. Akasema polepole, "Ni kweli, shemeji. Alikuwa nayo. Mimi nilijua."

Hapo mimi nikafunguka. Nilisema yote, upepo unatoka kwenye pengo, mate yanaruka, sikujali. Ugonjwa wa fizi, na kwamba haujaisha, unatulizwa tu. Siku ya maulidi, kwamba haukuwa upole, yalikuwa maumivu. Jibu refu nililolifuta. Kile kiatu alichowaachia nyuki, na kwamba nilicheka. Idrisa alikuwa ameshika kikombe bila kunywa.

"Huwa unaongea hivi?" akauliza.

"Hivi ni kidogo."

Bibi akaachia kicheko huko mlangoni.

"Mimi pengo nililijua," Idrisa akasema. "Shangazi yangu alikuona hospitali. Sikuona shida. Nilidhani kwa kuwa ulinyamaza, umenikubali."

"Sasa umenisikia."

"Nimekusikia." Akafikiri. "Ni vingi."

Mjomba akajikohoza. "Binti, sisi ni watu wazima. Kama kilichonyamaza ni pamba, basi jibu hatujapata. Tunakuuliza upya. Ni ndiyo au ni hapana?"

Nilitaka kujibu. Kila mtu alikuwa ananiangalia na mdomo ulikuwa mtupu, hauna pamba, hauna ganzi, hauna kisingizio. Na ndani nilikuta kile kile. Yule wa kiatu nilikuwa nampenda kidogo. Yule aliyependa ukimya wangu nilikuwa namwogopa. Na walikuwa mtu mmoja.

"Sijui bado, mjomba. Nipeni muda."

"Muda!" Baba mdogo akaruka. "Watu wamesubiri hayo meno mwaka mzima, leo meno yapo, unataka muda!"

"Meno yamekuja, Baba mdogo. Mimi ndiyo bado."

Idrisa akainua mkono kidogo, kama mwanafunzi. "Sasa mimi nifanye nini?"

"Subiri."

"Mpaka lini?"

Nikamwangalia kwa huruma, kwa kweli kabisa, maana najua kusubiri kulivyo.

"Utaitwa," nikamwambia.

Akaniangalia, akaangalia wazee, akajisogeza akakaa vizuri kwenye mkeka, kama mtu aliyeona benchi lina watu wengi mbele yake. Halafu akamnyooshea Mama kikombe, akaomba aongezewe chai.